Waheshimiwa wa Ukutani

Picha zile zilifika hotelini nyuma ya pikapu, zimefungwa ndani ya blanketi, siku ambayo lori la maji lilichelewa na mimi nilikuwa nimeshagombana na watu watatu kabla ya saa nne asubuhi. Zilikuwa sita, kila moja ndani ya fremu nyeusi yenye kioo. Mwenye hoteli alishuka upande wa mbele, akafuta jasho, akaniambia nizipokee kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alikuwa amezinunua kwa mama mmoja Mzungu, mwalimu mzee aliyekuwa akifunga nyumba yake ili arudi Uingereza baada ya kukaa Juba miaka mingi.

Mimi nilikuwa msimamizi wa vyumba. Nilitoka Kitale nikaja Juba kwa mkataba wa mwaka mmoja, na huo mwaka mmoja sasa umekuwa wa saba. Hoteli yenyewe si kubwa. Ina vyumba ishirini na viwili, chumba cha chakula, ua wenye viti vya plastiki, na jenereta ambayo kila mtu anaijua sauti yake kama anavyomjua kakake akikohoa. Nilikuwa napanga chumba mtaa wa Munuki, ndani ya ua wa familia nne, na kila asubuhi nilipanda boda boda kwenda kazini nikiwa nimejifunga leso kichwani kuzuia vumbi.

Mwenye hoteli, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa mtu wa Juba aliyekulia uhamishoni Uganda. Kiswahili alikiokota Kampala miongoni mwa wafanyabiashara, na alikiongea bila woga. Kila siku ya Mungu alivaa suti ya vipande vitatu. Joto la Juba si la mchezo, hasa Februari na Machi, lakini kizibao hakikumtoka wala tai haikulegea. Jenereta ikizimika, alikuwa akienda kukaa ndani ya gari lake na kuwasha kipoza hewa mpaka umeme urudi, badala ya kuvua koti mbele ya wafanyakazi.

Alituambia kwamba wale wa kwenye picha walikuwa waheshimiwa wa Uingereza ya zamani, malodi na mabibi zao. Akasema hoteli yenye watu kama wale ukutani haiwezi kudharauliwa. Tukazitundika kwenye chumba cha chakula, ukuta unaotazama mlango, yeye mwenyewe akishika futi na kuniambia nisogeze kushoto, nirudishe kulia.

Nikizikumbuka sasa, nashangaa jinsi nilivyozitazama bila kuziona. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mwenye nywele ndefu kwenda juu kama kichuguu, na msusi wake amepanda ngazi ili afike kileleni, ambako palikuwa na matunda, manyoya na ndege mdogo. Ya pili ilikuwa ya kijana mwembamba aliyevaa wigi kubwa mno na juu yake kofia ndogo kama kifuniko cha chupa, naye anajaribu kuifikia kwa ncha ya fimbo. Katika ya tatu, mwanamke mnene amekumbatia nguzo ya kitanda huku watumishi wawili wakivuta kamba za kumbana kiuno, mmoja ameukanyaga mgongo wake ili apate nguvu. Kulikuwa na mabibi wawili waliokwama mlangoni kwa upana wa sketi zao. Kulikuwa na mfanyabiashara mwenye tumbo kubwa aliyejibana kwenye koti la bwana mdogo, vifungo vimeruka hewani. Na ya sita ilikuwa ya mtumishi wa ndani aliyevaa gauni la bibi yake, na mgeni mwanamume anamwinamia kwa heshima mpaka pua inakaribia sakafu, ilhali bibi mwenyewe amesimama nyuma ya pazia anatazama.

Kwa miezi mitatu Mzee aliwaonyesha wageni picha hizo. Alisimama na kikombe chake cha chai akawaeleza kwamba nywele zile zilikuwa alama ya cheo, na kwamba mtu mwenye kofia ndogo lazima alikuwa na mashamba makubwa. Wageni walitikisa vichwa wakaendelea kula mayai yao.

Aliyeziona kwa mara ya kwanza, kwa maana ya kuziona kweli, alikuwa mama wa dobi. Alikuwa akifua na kupiga pasi shuka zote za hoteli. Alivuka daraja kila asubuhi kutoka Gumbo, ng'ambo ya mto, na kabla ya hapo alikuwa ameishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Kwa kawaida kazi yake haikumfikisha chumba cha chakula, kwa kuwa vitambaa vya meza vilichukuliwa na wahudumu. Siku hiyo wahudumu walikuwa wachache akavileta mwenyewe. Nilikuwa nikihesabu vijiko. Niliposikia kicheko niligeuka nikamwona amesimama mbele ya picha ya tatu, vitambaa vimemponyoka vyote vimeanguka sakafuni, naye ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Nikamwambia aache, Mzee asije akasikia, hao ni wakubwa wa watu.

"Dada, hawa si wakubwa," akasema akifuta machozi. "Hawa iko watu ya kuchekwa."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia kwamba kule kambini kulikuwa na mwanamume mmoja aliyechora kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala la chakula. Aliwachora viongozi wa kamati, wale waliopewa fulana na filimbi wakaanza kutembea kama magavana. Watu walipiga foleni ya unga huku wakicheka, na viongozi wakishafuta ukuta, kesho yake wanajikuta tena wamechorwa.

"Mtu kama nakuchora na heshima, yeye naanza na uso," akasema. "Kama nakucheka, naanza na tumbo."

Kisha akaokota vitambaa vyake, akaenda kuvipiga pasi upya.

Sikumwamini siku hiyo, au niseme sikutaka kumwamini. Lakini jicho likishaonyeshwa kitu halirudi nyuma. Wiki iliyofuata nilizishusha zile picha kufuta vioo, kwa maana vumbi la Juba huingia hata mahali ambapo hewa haiingii, na nyuma ya fremu moja nikakuta karatasi imebandikwa, imeandikwa kwa mkono kwa Kiingereza. Nadhani ni yule mwalimu aliyeiandika kwa ajili ya wanafunzi wake. Ilieleza kwamba picha zile zilichorwa London zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakati wafalme wanne mfululizo walipoitwa George. Zilichongwa kwenye bamba la shaba, zikachapwa kwenye karatasi, zikapakwa rangi kwa mkono, kisha zikatundikwa kwenye madirisha ya maduka. Matajiri walizinunua. Wasio na uwezo walisongamana nje ya dirisha na kucheka bure. Waliochekwa walikuwa watu wa mitindo, hasa wale waliopata fedha juzi na kujivika cheo ambacho hakijawahi kuwakaa.

Nikaketi kwenye kiti nikaanza kusoma maandishi madogo yaliyokuwa chini ya kila picha. Mwanzoni nilidhani si Kiingereza, kwa kuwa herufi ya S ilikuwa imerefushwa mpaka inafanana na F, na maneno yote yalisomeka kama mtu mwenye pengo. Nilipoizoea, yakafunguka. Chini ya mtumishi aliyevaa gauni la bibi yake palikuwa na maneno ambayo kwa Kiswahili changu ni kama kusema: Bibi ni yupi hapa?

Hapo uso wangu ukapata joto, na nitasema kwa nini.

Krismasi ya mwaka uliotangulia, hoteli iliandaa chakula cha mchana kwa wageni na wauzaji tuliofanya nao biashara. Mimi nilikuwa nimenunua gauni jekundu la lesi pale soko la Konyo Konyo, na wigi iliyofika mabegani, na viatu vilivyonifanya nitembee kama korongo. Nilijiona. Sitadanganya, nilijiona. Karibu na mlango akanijia mwanamume aliyetuletea soda, mgeni katika kazi hiyo, akanisalimia kwa kuinama akiniita Madam, akaniambia kwamba ana furaha kukutana na mke wa mwenye hoteli, na kwamba amesikia mengi kuhusu ukarimu wangu. Ningeweza kumsahihisha kwa neno moja. Badala yake nilimpa mkono kwa vidole vitatu, nikamwambia ahsante, nikamuuliza hali ya familia yake, kisha nikamwelekeza aweke makreti upande wa kivuli maana Mzee na mimi hatupendi soda ya moto.

Mzee na mimi. Maneno hayo yalikuwa bado mdomoni nilipogeuka na kumwona Madam mwenyewe, mke wa Mzee, amesimama hatua tatu nyuma yangu na sahani mkononi. Alikuwa mwanamke mkimya wa makamo, aliyekuja hotelini mara chache. Alinitazama kutoka viatu mpaka wigi, akaenda zake. Mwaka mzima baada ya hapo alinisalimia vizuri na kunijibu vizuri, na kila salamu ilinichoma. Nilitaka kuomba radhi, lakini siku zikapita, na kosa ambalo halikuombewa radhi mapema linakuwa gumu kama ugali uliolala.

Basi nilipoiona ile picha ya sita kwa macho mapya, na yule bibi nyuma ya pazia, nilihisi kama kuna mtu London aliyekuwepo Juba siku ile.

Huenda ningenyamaza na siri yangu ya vibonzo mpaka leo kama Mzee hangeandaa karamu nyingine. Alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama kidogo cha wafanyabiashara, na alitaka kuwaalika wanachama wenzake, mameneja wawili wa benki waliokuwa Wakenya wenzangu, na Waingereza wawili waliokuwa wakifanya kazi katika shirika la misaada. Aliniambia kwa furaha kwamba atatoa hotuba fupi, na katikati ya hotuba atawazungusha wageni kuonyesha picha, ili Waingereza waone kwamba huku Juba wazee wao wanaheshimiwa.

Nilienda kwa mama wa dobi tukakunja shuka pamoja, yeye pembe hizi, mimi pembe zile. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba Waingereza wale watacheka, wakijizuia watacheka wakifika nje, na Mzee ataaibika mbele ya watu wake. Nikamwambia pia kwamba sina ujasiri wa kumwambia mtu wa suti ya vipande vitatu kwamba picha anazojivunia zinawacheka watu wa suti ya vipande vitatu.

Alikunja shuka mbili zaidi. Halafu akaniambia kwamba suruali ya mtu ikipasuka nyuma, adui anaenda kuwaita watu waje kuona, ila rafiki anamvuta kando. Akaniuliza mimi ni nani kati ya hao wawili. Nikakasirika kidogo, maana yeye ndiye aliyelianzisha jambo, na sasa ni mimi wa kuingia ofisini.

Niliingia asubuhi, baada ya chai yake, nikiwa na ile karatasi. Nilizunguka sana. Nilianza na vumbi, nikapitia kwenye kusafisha vioo, nikafika kwenye herufi ya S. Mwishoni Mzee akaniambia niseme kilichonileta. Nikampa karatasi. Alivaa miwani akaisoma polepole mpaka chini, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akaisoma tena.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Nikasema mama wa dobi.

"Tangu lini?"

Nikasema tangu siku ya kwanza alipoziona.

Kisha akauliza kama alicheka, nikamwambia alicheka mpaka vitambaa vya meza vikaanguka. Mzee alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akaielekeza sawasawa na ukingo wa meza.

"Khalas," akasema. Neno hilo la Juba linaweza kuwa yamekwisha, au inatosha, au ondoka, na sikujua ni lipi kati ya hayo. Niliondoka.

Kesho yake, bila kunitazama, aliniagiza nizishushe zote nizipeleke stoo ya shuka. Ukutani pakabaki miraba sita safi, maana ukuta uliobaki ulikuwa umeshageuka rangi ya chai kwa vumbi. Wageni wakauliza waheshimiwa wamekwenda wapi. Nilisema wamekwenda kusafishwa. Mzee hakuongea nami siku tatu ila kwa kupitia mtu wa mapokezi, na mimi nikaanza kuwaza jinsi ya kupakia mizigo yangu ya miaka saba ndani ya mabegi mawili.

Siku ya nne alikuja Madam. Alitaka kuchagua vitambaa vya meza kwa ajili ya karamu, nikampeleka stoo. Picha zilikuwa sakafuni, zimeegemezwa ukutani kwa safu. Aliinama akaanza kuzitazama moja moja. Nikasimama nyuma yake na rundo la vitambaa, nikiomba kimoyomoyo asifike ya sita. Alifika ya sita. Akachuchumaa kabisa, akasoma maandishi ya chini akifuata kwa kidole. Kumbe Kiingereza alikijua vizuri kuliko mumewe, alisoma shule Uganda mpaka kidato cha sita. Hilo nilikuwa silijui.

"Huyu ni wewe," akasema. "Siku ya Krismasi."

Sikuwa na pa kujificha kati ya mashuka. Nikamwambia, Madam, nisamehe, na nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, na vile vidole vitatu, na soda ya moto, na kwamba nilikuwa nikiomba radhi mwaka mzima ndani ya moyo bila kufungua mdomo. Nilikuwa nikilia kidogo.

Akawa anavuta pumzi kwa namna ambayo nilidhani ni hasira. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

"Nilikasirika mchana mmoja tu," akasema. "Jioni nikajiambia, kama mtu anaweza kutuchanganya mimi na wewe, basi Madam ni gauni. Na mimi sikuwa nimelivaa."

Akaniambia kwamba mwaka mzima alidhani mimi ndiye niliyekuwa na kinyongo, kwa jinsi nilivyomsalimia nikitazama chini. Halafu akanionyesha ile picha ya mwanamke anayefungwa kamba. Akasema huyo ni yeye, siku ya harusi ya binti yake. Dada zake wawili walimfunga mkanda wa kubana tumbo aliotumiwa kutoka ng'ambo, mmoja amepiga goti kwenye kitanda, na kanisani alipoinama kusali akashindwa kuinuka, ikabidi mchungaji asubiri. Alisimulia huku akishika mbavu, na mimi nikaketi juu ya magunia ya sabuni nikacheka naye. Mama wa dobi alichungulia mlangoni kuona kuna nini. Madam akamwita aingie, akamuuliza kama ndiye aliyezigundua picha. Mama wa dobi akasema malesh, yaani samahani, hakukusudia. Madam akamwambia akae.

Alipoondoka aliniagiza nizirudishe zote ukutani kabla ya karamu. Nikasema Mzee amekataza. Akajibu kwamba yeye atazungumza na Mzee nyumbani.

Sikuwepo nyumbani kwao, kwa hiyo sijui walisema nini. Najua tu kwamba siku ya karamu Mzee alifika akiwa na suti ya kijivu, kizibao na kila kitu, akasimama mbele ya ukuta akitazama picha sita zilizorudi kwenye miraba yake. Alisogeza moja kwa kidole kimoja. Kisha alinisalimia mwenyewe, bila mtu wa mapokezi.

Wageni walikula samaki wa mto na mchicha na wali. Baada ya chakula Mzee akasimama. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa jikoni, na mama wa dobi alikuwa nyuma yangu, amejifanya ameleta taulo ambazo hakuna aliyeziagiza. Mzee aliwashukuru wageni, akasema machache kuhusu chama na kodi na barabara ya Nimule. Halafu akageukia ukuta. Waingereza wawili walikuwa wameshaanza kutazamana, nililiona hilo.

"Nilinunua picha hizi nikidhani ni waheshimiwa," akasema. "Miezi mitatu nimewaambia watu hivyo. Kumbe ni watu waliochekwa na jirani zao kwa kuvaa vikubwa kuliko wao. Wafanyakazi wangu walijua kabla yangu." Akashika koti lake mbele kwa mikono yote miwili. "Sasa nitazameni mimi, katika joto hili."

Wa kwanza kucheka alikuwa Madam, na baada yake wote. Haikuwa kejeli, kilikuwa kicheko cha watu waliofungua kifungo cha juu. Mzee mwenyewe alicheka kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia, kisha akawaambia wageni waende kila mtu ajitafute ukutani. Wakaenda kweli. Meneja mmoja wa benki alijikuta katika kijana wa kofia ndogo, akasema hata mama yake angesema hivyo. Mfanyabiashara wa saruji na mkewe walibishana ni nani kati yao aliyekwama mlangoni. Mmoja wa wale Waingereza alimwambia Mzee kwamba babu wa babu yake huenda alikuwa yule msusi kwenye ngazi, si mwenye nywele, na wakapeana mikono kwa muda mrefu.

Nilimwona Mzee akipita kwangu akienda jikoni kuomba maji. Alisimama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba angenifukuza kazi kwa kunyamaza, si kwa kusema. Ndivyo alivyoniomba msamaha kwa zile siku tatu, na mimi nikaupokea.

Wazo la picha ya saba lilitoka kwa mama wa dobi. Alisema siyo haki Waingereza wachekwe peke yao. Madam akalishika, na wiki iliyofuata akaletwa mchoraji kutoka mtaa wa Malakia, mtu wa makamo aliyeishi kwa kuchora mabango ya vinyozi na ya maduka ya simu. Alikaa ukumbini siku mbili akinywa chai na kututazama. Tulitembea kama watu wanaopimwa nguo. Siku ya tatu akaanza kuchora kwenye ubao mkubwa kwa rangi ya mafuta.

Alimchora Mzee akivuka uani na suti yake, nyuma yake wanaume wanne wamebeba jenereta begani kama jeneza, na wa tano ameshika feni iliyounganishwa kwa waya mrefu. Alimchora Madam ndani ya gari, mkono tu umetoka dirishani, mkono wenye bangili mpaka kwenye kiwiko. Mimi alinichora nimening'iniza funguo kiunoni, nyingi mno, nimeinama upande kwa uzito wake, na uso wangu umejaa umuhimu. Nilipoiona mara ya kwanza niliumia. Nilisema sivyo nilivyo. Wahudumu wote wakatazama chini, na nikajua ndivyo nilivyo. Tangu hapo funguo nyingine naziacha mapokezi.

Mama wa dobi alichorwa na mnara wa shuka kichwani, mrefu kushinda nywele za yule bibi wa picha ya kwanza. Shuka zilimpendeza, lakini alibishana na mchoraji kuhusu miguu. Alisema miguu yake si mikubwa hivyo. Mchoraji akajibu kwamba ameipunguza tayari. Wakavutana nusu saa, mpaka akakubali kumchorea viatu vyekundu vyenye visigino, ambavyo hajawahi kuwa navyo. Basi na yeye akawa amevaa visivyo vyake, akaridhika sana.

Wageni walianza kupiga picha mbele ya ubao ule. Wengine walimtafuta mchoraji Malakia ili wachekwe na wao, na nasikia kazi za mabango sasa anampa shemeji yake.

Mama wa dobi ameacha kazi hotelini mwaka huu. Amefungua dobi yake mwenyewe huko Gumbo, kando ya barabara ya kwenda Nimule, kibanda cha mabati chenye pasi mbili za mkaa na kamba ndefu za kuanikia. Madam alimpa mashine ya kufulia iliyokuwa imekaa kwao bila kazi. Jumapili nyingine, baada ya ibada, navuka daraja kwenda kumwona. Mumewe ana shamba dogo la karanga, na mara nyingi tunazikuta zimechemshwa zinatusubiri kwenye sufuria. Tunakaa nyuma ya kibanda mahali penye upepo, anavua viatu, ananiuliza habari za watu wa hotelini mmoja mmoja, nani ameoa, nani amenenepa. Jumapili iliyopita alinionyesha shati la mteja lenye kola mbili, moja juu ya nyingine, akaniuliza mwenye shati hili anaweza kuwa anafanya kazi gani. Tulikisia mpaka karanga zikaisha.